Mama Gaudiose, uliyemfunika Venant kwa mwili wako

Mwaka umezunguka, Mama, tangu siku ile ya Agosti 1997 Baba alipokurudisha Mishamo, makazi yetu ya wakimbizi, kwenye baiskeli yake. Kila gulio ulirudi ukitembea kwa miguu, na baiskeli imebeba furushi la mitumba. Siku ile furushi liliachwa gulioni, baiskeli ikakubeba wewe, kichwa chako kimefungwa kwa kanga ya binti yako Vestina.

Kiangazi kimefika tena. Nyasi zimechomwa, vumbi limejaa njiani, maharage yamo maghalani. Sisi bado tunageuka tukisikia cherehani kwa jirani.

Watu wengine waliziita nguo zile kafa Ulaya, wengine huku kwetu waliziita chagua. Wewe uliziita kitambaa tu. Ulishika koti la mzungu mnene ukaona humo kaptula mbili na sketi. Uliona pazia jeupe lenye maua ya kusuka ukasema, "Hii ni Komunyo ya Kwanza ya Joséline," na kweli binti yako mdogo Joséline alikomunika ndani ya pazia, akapendeza kuliko watoto wote wa kigango. Suti ya Baba ya Jumapili ulichukua koti huku na suruali kule, ukazichemsha pamoja kwenye rangi mpaka zikafanana. Sufuria ile haijatakata hadi leo.

Ulikuwa unaongea na pini mdomoni. "Simama wima. Ukipumua hivyo nitakuchoma." Na ulichoma.

Hatutaandika kwamba ulikuwa mpole, maana wanaokujua watacheka. Baba mdogo alipokuwa akimpiga mkewe Apollinarie, na Apollinarie akakimbilia kujificha nyuma ya cherehani yako, baba mdogo alimfuata na fimbo mpaka mlangoni. Wewe ulikuwa unapiga pasi. Uliinyanyua pasi ile na makaa yake, ukamwambia, "Karibu, shemeji. Shati lako lina mikunjo. Ingia nilinyooshe ukiwa umelivaa." Alidhani ni utani, akaingia. Alama ya pasi anayo mkononi mpaka sasa, na Apollinarie hajapigwa tena.

Ndiyo maana Venant alipokuja kwako mwaka juzi, hakukosea mlango.

Kwa wanaosoma haya bila kumjua, Venant ni mtoto wa kaka yako, ndugu pekee uliyebaki naye baada ya mauaji ya mwaka 1972 yaliyokuvusha wewe kutoka Burundi ukiwa msichana. Vita ya safari hii ilimkuta kaka yako nyumbani kwake ikammaliza. Venant alifika Mishamo miguu imevimba, amevaa gunia alilotoboa matundu ya mikono. Vestina anakumbuka kwamba hukulia mbele yake. Ulimzunguka mara moja ukimpima kwa macho, ukamwuliza kwa Kirundi, "Baba yako walimzika?" Akatikisa kichwa. Ukasema, "Kula kwanza." Kisha ukaenda nyuma ya nyumba ukakaa huko mpaka jua likageuka.

Gulio lililofuata ulikwenda moja kwa moja kwa Lyamba.

Lyamba ni Mbende, mwenyeji wa huko upande wa barabara ya Mpanda, mwuza mitumba, mtu wa maneno mengi. Ulichomoa kwenye chungu yake ya nguo koti la kike, zito, la kijani lenye miraba myeusi, kola yake ya manyoya. Ndani ya mfuko lilikuwa limetobolewa na moto wa sigara. Lyamba alikuonyesha tundu lile mwenyewe.

"Mama Gaudiose, nakuonyesha mapema usije ukarudi kunilalamikia. Halafu nani atavaa dude hili kwenye joto hili?"

"We nifungie. Nikimaliza nalo hutalitambua."

Ulilifumua lote. Ukaondoa manyoya, ukageuza kitambaa, upande wa ndani ukawa wa nje, ukakata mabega ya kiume, ukatilia bitana ya shuka. Tundu la sigara ulilitililia kwa uzi upande wa ndani. Venant alipolivaa alisimama mbele ya kile kioo kidogo cha Baba cha kunyolea, akawa anainama na kunyanyuka ili ajione kidogo kidogo. Ndiyo siku ya kwanza tulimsikia akicheka. Tangu hapo hakulivua, jua liwake lisiwake.

Sasa, Mama, yapo mambo mawili uliyoondoka huyajui vizuri, na inatubidi tukusimulie.

La kwanza ni kwamba wiki moja kabla ya gulio lile la Agosti, majambazi waliteka lori njiani. Lyamba alikuwa humo na marobota yake, yeye na mdogo wake Felisiani. Felisiani alichelewa kushuka. Walimpiga risasi ya tumbo, wakapakua marobota yote, wakatokomea porini. Lyamba alikaa kando ya barabara amemlaza mdogo wake mapajani mpaka akakata roho. Kwa hiyo siku ile ya gulio hakuja kuuza. Alikuja kwa sababu nyumbani kulikuwa kumejaa waombolezaji na hakuweza kukaa nao. Meza yake ilikuwa tupu.

Vestina na Venant walikuwa wanauza maharage. Vestina alimwona Lyamba akipita, akasimama, akarudi nyuma hatua chache. Alikuwa anaangalia koti.

"Hili umetoa wapi?"

Venant Kiswahili chake kilikuwa bado cha salamu tu. Alidhani anasifiwa. Akatabasamu, akajipapasa kifuani, akasema, "Masenge. Masenge." Shangazi. Kwao Lyamba neno hilo halina maana yoyote.

"Nakuuliza umetoa wapi!" Lyamba akamshika ukosi. "Kitambaa hiki ni changu! Hiki kilikuwa kwenye mzigo wangu!"

"Baba, huyu ni ndugu yetu," Vestina akasema, "koti hilo Mama ndiye—"

Hakumaliza. Nyuma yake mtu alipaza sauti, "Mrundi huyo! Ndio wenye bunduki hao!" Mwingine akaitikia, "Mwizi!" Na neno hilo, Mama, likishatamkwa gulioni, hakuna anayeuliza ameiba nini.

Pigo la kwanza lilikuwa la mti wa kibanda, likampata Venant shingoni. Akalia, "Sindi igisuma! Sindi igisuma!" Alikuwa anasema yeye si mwizi. Kila alivyozidi kulisema kwa Kirundi ndivyo walivyozidi kumpiga. Vestina aliwavuta mashati, akang'ata mkono wa mtu, akatupwa juu ya maharage yake. Aliponyanyuka hakumwona Venant tena, aliona migongo ya watu tu na fimbo zikipanda na kushuka. Ndipo akakimbia kukutafuta.

Ulikuwa mwisho wa gulio, umeinama kwenye chungu ya blauzi.

"Mama, wanamwua Venant!"

Hukuuliza ni nani wala kwa nini. Ulitoa mkasi wako mkubwa kwenye kikapu, ukaacha kikapu, ukaacha kanga, ukaacha viatu. Vestina anasema hakujua kama unaweza kukimbia hivyo. Ulipofika kwenye duara la watu, mwanaume mmoja alikutanulia mikono akisema, "Mama, rudi, haya si ya wanawake." Ulimchoma mkasi wa paja, ukapita.

Ndani ya duara tairi lilikuwa limeshaletwa, na mtu ameshika kidumu cha mafuta ya taa. Jicho la kushoto la Venant lilikuwa limeshapasuka. Ulijitupa juu yake. Fimbo zilizokuwa hewani zilishuka, zikakupata mgongoni, begani, kwenye mkono uliomzibia kichwa. Hukulia. Uliita jina moja tu.

"Lyamba! Lyamba! Nitazame! Mimi mteja wako!"

Lyamba alikuwa amesimama na tofali mkononi.

Ukalala vile vile juu ya Venant, ukaingiza mkasi kwenye bitana ya koti ukaipasua kwa pigo moja, ukageuza mfuko nje. "Tundu hili hapa! Tundu la sigara! Si ulinionyesha mwenyewe nisije nikakulalamikia? Si mkono wako ulionifungia?"

Vestina alikuwa karibu vya kutosha kuuona uso wa Lyamba. Anasema mtu yule alizeeka pale pale. Tofali lilimwanguka. Aligeukia watu, akainua mikono yote miwili. "Acheni! Acheni jamani! Nilimuuzia mimi! Nimekosea, acheni!"

Wa mbele waliacha. Wa nyuma hawakusikia, au walisikia wakaona uchungu kurudi na jiwe mkononi. Lilipita juu ya vichwa vya wa mbele. Vestina aliliona likija, na anasema lilikuja polepole kiasi kwamba mpaka leo anajiona akinyoosha mkono kulidaka. Lilikupiga kwenye paji, pembeni ya jicho.

Uwanja ulikauka watu kama maji yanavyokauka kwenye mchanga. Ndala zilibaki, na kidumu kikimwaga mafuta, na lile tairi. Lyamba alibaki amepiga magoti, amevua shati lake anakuzibia damu, anasema, "Mama Gaudiose, mama Gaudiose," basi.

Ulifumbua macho. Vestina aliinama kusikia. Hukusema kwaheri, hukutaja mtu wala Mungu. Ulisema, "Mgeuzeni. Asimeze damu." Ulikuwa unamsema Venant. Wakamgeuza ubavu, akatapika damu nyingi, akavuta pumzi. Wewe ulikata roho njiani, juu ya baiskeli ya Baba, kabla hamjafika mahali pa kuvuka kijito. Baba alijua, lakini aliendelea kusukuma baiskeli bila kumwambia mtu.

Jambo la pili ni la Leonidas.

Mwanao mkubwa alikuwa Sitalike kwenye vibarua vya barabara. Alifika siku ya kukuzika, akashika sepetu, akafukia kaburi bila kupokewa na mtu, wala hakudondosha chozi. Kesho yake mchana Vestina aliona panga halipo darini. Hakumwambia Baba. Alichukua baiskeli akamfuata.

Nyumbani kwa Lyamba mikeka ya msiba wa Felisiani ilikuwa bado imetandikwa. Leonidas alikuwa amesimama katikati ya mikeka, panga mkononi, na waombolezaji wamejibana ukutani. Lyamba alikuwa amesimama mbele yake.

"Umemwua mama yangu," Leonidas akasema.

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo?"

"Jiwe sikurusha mimi," Lyamba akasema. "Ila watu niliwakusanya mimi, kwa mdomo wangu. Kama umekuja kukata, kata. Waache hawa wazee tu."

Leonidas alikata. Panga lilimwingia Lyamba begani likafika mfupa, akaenda chini. Leonidas alinyanyua mara ya pili, na mara hii alilenga shingo. Vestina alikuwa ameshafika. Hakuwa na kitu mkononi, Mama. Alilidaka panga kwenye makali, kwa mkono wake wa kulia, akang'ang'ania.

Leonidas alivuta ili alitoe. Ndipo vidole vilipokatika mishipa.

"Vuta tena," Vestina akamwambia kaka yake. "Vuta, vibaki vitatu."

Leonidas akautazama mkono ule. Mkono ule wewe, Mama, ulianza kuushikisha mkasi tangu haujatosha kuushika. Akaachia panga, akakaa chini kwenye mkeka wa msiba wa watu wengine, akajifunika kichwa.

Aliyetoka ndani ni mama yake Lyamba, bibi mzee. Alichana shuka. Mwanawe alikuwa anatoka damu kama mbuzi wa sikukuu, lakini bibi yule alianza na mkono wa Vestina. Aliufunga wote, kidole kwa kidole, ndipo akaenda kwa mwanawe.

Polisi walimchukua Leonidas wakamweka ndani. Lyamba alikwenda mwenyewe, mkono umening'inia shingoni, akasema hana shauri na mtu. Wazee wa pande zote walikaa, wakaongea sana, Leonidas akaachiwa. Aliyerusha jiwe hajajulikana. Wengi walikuwepo, wote walikuwa wanaangalia pembeni. Huenda yumo kigangoni Jumapili hii maneno haya yatakaposomwa. Kama yumo, asikie kwamba ulikuwa na jina, na kwamba ulipenda chai ya tangawizi isiyo na sukari. Usituulize, Mama, kama tumemsamehe. Baba anasema ndiyo. Leonidas anasema hapana. Vestina anasema tumwulize tena mwakani.

Venant jicho halikurudi. Mkono wa Lyamba haupandi juu ya kifua. Vidole viwili vya Vestina havikunjiki, lakini miguu yake ni mizima, na baada ya arobaini alikaa kwenye cherehani yako akaanza kukanyaga. Nguo ya kwanza aliyotoa ilikuwa shati la Baba, amelitoa kwenye gauni la mitumba. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, ukosi umelala upande. Vestina alilitupa chini akasema hatashona tena maisha yake yote. Baba aliliokota, akalikung'uta, akalivaa kwenda Misa, akakaa benchi la mbele. Padre alipomwuliza fundi ni nani, Baba alisema, "Anajifunza na mkono mpya."

Siku hizi mikono ya mashati inalingana. Joséline amevaa sare yake ya shule ambayo zamani ilikuwa suruali za bwana mmoja wa Ulaya mwenye miguu mirefu mno. Mke wa baba mdogo ameleta mapazia. Bado mishono ya Vestina haijafika yako, naye ndiye wa kwanza kusema.

Na mwezi wa sita, Mama, tulirudi gulioni.

Venant alikuwa amekataa kukanyaga kule tangu siku ile. Siku hiyo alisema twende, hakueleza kwa nini. Jua lilikuwa la saa tano tuliposikia tena lile neno. Kijana mmoja alikamatwa na baiskeli ya mkulima, ameshaitoa mpaka nje ya uwanja. Huyu alikuwa ameiba kweli, hakuna aliyemsingizia. Watu walijaa kama mara ile.

  Vestina alimtafuta Venant amshike waondoke, akamwona ameshatangulia, anaelekea kwenye kelele, kichwa amekigeuza kidogo kama anavyofanya siku hizi ili jicho zima liangalie mbele. Alidhani hajaona ni nini. Akamwita. Venant akaingia kati ya watu, akalala juu ya mwizi.

"Nipigeni mimi!" akapiga kelele, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Mimi nyie mmeshazoea kupiga! Pigeni!"

Walimtambua. Nani asiyemjua kwa jicho lile? Fimbo zikabaki juu. Vestina akajikuta ameshapita, amesimama juu yao, mkono wa vidole vilivyokakamaa ameunyoosha mbele ya watu. Upande wa pili akaja Lyamba, mkono wake mmoja mzima ameuinua, wa pili umeishia kifuani. Hawakuitana, wala hawakuwa wameongea tangu siku ya panga.

Na katika wale wa mbele kabisa, Mama, alikuwepo Leonidas, fimbo mkononi. Alikuwa amekimbia na wengine kumpiga mwizi. Alikuwa ameshampiga. Vestina alikutana naye macho kwa macho, na fimbo bado iko hewani.

Leonidas aliivunja kwenye goti. Akageuka, akawapa wale watatu mgongo, uso wake ukawatazama watu.  Wewe unamjua alivyo na kifua. Wa nyuma walianza kuondoka mmoja mmoja.

Mwizi alifikishwa polisi akiwa hai. Kwa woga wake, akiwa chini ya Venant, alikuwa amemng'ata mkono akidhani ndiye anayekuja kumwua. Venant anatuonyesha alama za meno anacheka.

Tukiwa njiani kurudi, pale pale kijitoni, Leonidas alisimama akasema kiatu kinambana. Aliinama kukifungua, akabaki ameinama. Alilia, Mama. Alilia kilio cha mtu mzima aliyekichelewesha, mpaka wapita njia wakasimama kuuliza kama tumefiwa. Baba aliwajibu, "Ndiyo. Tumefiwa." Akamwacha alie mpaka alipotosheka.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili kigangoni kwetu, na baada yake tutakula pamoja nyumbani. Anayekukumbuka aje.

Unakumbukwa na mumeo Silvester. Wanao Leonidas, Vestina na Joséline. Na mwanao Venant. Tulitaka kumwandika chini, pamoja na watoto wa kaka, akasema hapana, aandikwe hapa hapa. Unakumbukwa na Apollinarie, na wote uliowavisha.

Lyamba naye ameomba jina lake liwemo. Tulibishana nyumba nzima kwa siku nyingi, na Leonidas ndiye alikuwa wa mwisho kukubali. Limo.

Hatutakusahau, Mama, siku zote Mungu atakazotupa.